Alama za Violet ku Mugongo ya Darius

Goma, Majengo, tarehe 6 mwezi wa tano 2025

Mama,

Darius akasema, «Kwanza choma huyu. Nione kama atakufa, kisha miye nitafikiri.» Na kidole ilikuwa inanionyesha miye.

Muzee Jumaine akacheka. Akaniambia, «Toa shati, mutoto. Yaya yako, mukubwa yako huyu, ni mutu ya akili, anaonjesha mbwa kwanza.» Nikatoa shati. Singeweza kukatala, unanijua. Bamama benyi balikuwa bamekaa ku banc banatuangalia. Nikalala na tumbo ku kitanda. Akanichoma sindano mbili ku kiuno, nyembamba sana, nene kidogo tu kuliko unywele, na mbili nyuma ya goti. Haikuuma vile nilifikiri. Kisha akaleta kisanduku, iko na batri ndani, na bouton za kuzungusha, na nyuzi zenye iko na pince ndogo za kubana ku mwisho. Akazishikisha ku zile sindano. Akazungusha bouton pole pole. Mama, muguu yangu ikaanza kucheza yenyewe! Miye nimelala, sijaiambia kitu, yenyewe inaruka, tik, tik, tik, sawa nyama ya chura kama umetia chumvi. Bamama bakacheka. Darius hakucheka. Alikuwa anaangalia uso yangu.

«Inauma?»

«Hapana. Ni sawa siafu zinatembea.»

«Unakufa?»

«Bado.»

Njo vile akakubali.

Unisamehe mama, nimeanza vibaya, salamu imebaki nyuma. Uko muzima? Kile kikohozi yako kiliisha? Mvua ilikuachia viazi, ao ilioza yote? Hapa tuko bazima. Ni kusema, miye niko muzima. Darius, njo hii nataka kukuambia.

Nilikudanganya. Nilikuandikia kama Darius alianguka na chukudu. Chukudu njo ilianguka, ile mbao yetu ya magurudumu mbili, si yeye. Ilikuwa siku ya juma tano mbele ya Pasika. Tulikuwa tunashuka na makala, yeye mbele, miye nyuma. Ku barrière ya njia benye bunduki bakatusimamisha, bakamwaga makala yetu mu mufereji, bakapakia masanduku ya risasi. Darius akabaambia, «Bakubwa, hii muteremko ni kali, frein yangu ya kuisimamisha ni kipande ya pneu ya gari tu, haitashika.» Mumoja akamujibu, «Basi weye njo utakuwa frein.» Bakacheka. Tukashuka. Ku kona ikatushinda. Chukudu ikamupita Darius, ikapiga jiwe, sanduku moja ikapasuka, risasi zikamwagika ku njia sawa maharagwe.

Balimulalisha na tumbo juu ya mawe. Mumoja alikuwa na kipande ya câble ya umeme, nene. Mwingine alikuwa anatumia kitako ya bunduki, pahali pamoja tu, ku kiuno, hakuhama. Darius alilia mpaka sauti ikaisha, kisha kinywa ilikuwa inafunguka bila kitu kutoka. Halafu bakamuambia asimame aokote risasi. Alisimama nusu. Muguu ya kushoto haikuja.

Toka siku ile analala upande mumoja. Maumivu inatoka ku kiuno, inapita mu tako, inashuka sawa moto mpaka ku kidole kikubwa ya muguu. Ku hospitali balimupiga radio, ile picha ya mifupa, bakaona mufupa haikuvunjika, bakatupatia vidonge. Vidonge viliisha, maumivu ikabaki. Njo mama mumoja ya Birere akatuonyesha huyu Muzee Jumaine. Ni mutu ya Maniema, Muislamu, alikuwa infirmier zamani, anatunza bagonjwa ku hospitali, kazi ya sindano alijifunza ku docteur mumoja Muchina. Akaangalia radio, akagonga goti ya Darius na kanyundo, akasema, «Mufupa ni muzima. Nerf, ile mushipa, njo imefinywa, imelala na hasira. Tutaiamsha pole pole, séance kumi na mbili, utakuja mara kumi na mbili. Kama inakatala nitakuambia. Sitakula viazi yako bure.» Juu tunamulipa na zile viazi unatumaka.

Kitu ingine niliona, sikumuambia mutu. Wakati muzee alisema «lala na tumbo», Darius alitetemeka magoti yote mbili, hata ile yenye imekufa. Si sindano alikuwa anaogopa, mama. Njo maana alinituma miye kwanza.

Barua hii Lucie, ule wa kuuzisha mboga, ataificha mu gunia ya mashu yake, zile kabichi, akirudia Kibumba. Ku barrière banafungua simu, banasoma mupaka picha. Karatasi habaangalie. Na weye tena, toka bakunyanganye simu, ni hivi tu.

Usilie sana.

Mutoto yako,
Ushindi

---

Kibumba, 12 mwezi wa tano 2025

Kwako mwana yangu Ushindi,

Nakusalimia ku jina ya Mungu mwenye hakulala wakati weye ulikuwa unanidanganya. Kikohozi kiliisha. Viazi vilibaki, lakini nimekata vingi na jembe, juu nilisoma barua yako mu shamba, nikaendelea kulima na hasira bila kuangalia chini. Hivyo njo natuma, vya kukatwa. Mukule vile kwanza mbele vioze, vizima mupelekee muzee.

Courant, umeme, mu mwili ya mutu! Darius ni radio? Koko yenu, mama ya baba yenu, mugongo ikimushika tulikuwa tunamupiga na majani ya kuwasha, ile ya mu pori, mpaka anatutukana, kisha anasimama anaenda kuchota maji. Hakukuwa batri. Lakini kama Muchina na Muislamu banaweza kusimamisha mutoto yangu, bamusimamishe. Siku baba yenu alikufa, mama mumoja Muislamu njo alitupatia chumvi na sanda. Sijasahau. Umusalimie huyo muzee, umuambie mama ya mugonjwa anamuombea ku Mungu yake, na yeye amuombee ku Mungu yake, tuone nani atajibu haraka.

Sasa nikuulize. Nimesoma barua mara mbili. Umeandika «balimulalisha», umeandika «alilia», umeandika mawe na câble. Weye ulikuwa wapi? Sijaona pahali umeandika «nikasema».

Usikasirike. Sikutaka bakuue na weye. Hapa siku ya juma ine iliyopita balipiga risasi bwana ya jirani Julie mu shamba ya maharagwe yake, alikuwa ameinama anapalilia, alianguka vile vile ameinama, na kajembe mu mukono. Julie alimukuta saa nane, alifikiri amelala. Njo siku tuko nazo. Nakuuliza tu juu toka utoto weye unaona kila kitu, mbele ya wote, kisha unanyamaza nayo. Darius anasema hata kama haoni. Mungu angebachanganya ningepata mutu mumoja muzuri.

Usimuache aende peke yake ku sindano. Nyumba ninajenga imepata kipaa, bado mulango. Nataka nimuone Darius anapanda hapa Kibumba na miguu yake, si juu ya chukudu sawa gunia. Njo kitu moja naomba mwaka hii.

Mama Darius

---

Goma, 27 mwezi wa tano 2025

Mama,

Salamu mingi ya kufurahi. Kama uko umesimama, kaa chini. Sisi tuko bazima, na leo nikiandika «sisi» sikudanganyi.

Lakini kwanza ile swali yako. Nilikuwa hapo. Nilikuwa nashika chukudu juu isikimbie tena. Njo jibu. Niliandika ingine mara tatu, nikapasua.

Sasa sikia. Tunaenda Birere mara tatu mu juma. Ninamulalisha Darius ku chukudu juu ya magunia, ninamusukuma. Njiani bale tunasukumaka nabo chukudu banatupigia kelele. «Ushindi, hiyo muzigo ni ya Kibumba? Inaonekana imeoza!» Na Darius pale chini anajibu, «Nimeiva, njoo uonje!» Ku séance ya tatu alianza kusikia kisigino. Ku ya ine, kidole kikubwa kikanyanyuka, kidogo tu, sawa kichwa ya mujusi. Darius alikiangalia, kisha akaniambia kuna vumbi mu macho. Hakukuwa vumbi.

Na miye nachomwa tena. Muzee alinishika mugongo siku moja akasema, «Weye uko na mugongo ya mutu ya miaka makumi saba. Ukimaliza kusukuma huyu, utatafuta wa kukusukuma. Lala.» Basi tunalala babili, yeye huku, miye kule, miguu inacheza ine.

Muzee iko na namna yake ya kazi. Siku ya kwanza alitafuta nafasi ya sindano na kidole, anafinya, anauliza, «Hapa? Hapa?» Akiipata anapaka doa ya violet, rangi ya zambarau, ile dawa banapakaka batoto mu kinywa. Juu siku batu ni benyi, Alima, binti yake, njo anachoma, na muzee hataki atafute upya, sindano ikae palepale. Darius iko na mistari mbili ya madoa toka ku mbavu ya mwisho mpaka chini ya mukanda, kisha moja nyuma ya muguu yote. Zangu ni kiloko, chache tu, zinaanzia ku kiuno, chini kabisa, na muguu moja. Muzee anakataza sabuni pale mpaka séance ya mwisho. Zikianza kufutika, Alima anapaka tena. Darius anasema tumefanana na kanga.

Sasa ijumaa. Darius alikuwa ku kitanda, sindano kumi na ine, pince zote, courant inatembea. Miye nilikuwa nimeshamaliza, nimekaa. Tukasikia risasi. Mu kichochoro, karibu, ile yenye inaingia mu meno. Benye bunduki balikuwa banakimbiza kijana mumoja, banasema mwizi, miye sijui. Mabati ikatoboka juu ya kichwa yetu mara tatu. Alima akalala chini. Mama mumoja mwenye alikuwa na sindano mu uso akatoka anakimbia sawa nungu. Miye nikaingia chini ya kitanda ya Darius. Nakuandikia vile ilikuwa.

Nikiwa mule chini, nikaona muguu imeshuka. Kisha ingine. Mbili, mama. Ya kushoto ilikanyaga simenti, vidole vikafunguka, ikashika. Kisha zikaenda! Moja, mbili, moja, mbili, na kisanduku ya muzee ikaanguka ikafuata nyuma na nyuzi zake. Zikafika mupaka ku mulango ya uwanja. Nikasikia Darius analia, «Zima hii kitu, ingali inanipiga!»

Risasi ziliponyamaza tulicheka mupaka tumbo ikauma, hata muzee, na kisanduku yake imepasuka ku kona. Halafu tukatoka. Yule kijana alikuwa mu kichochoro, kiatu moja, kichwa upande mumoja haiko. Benye bunduki balisema abaki pale batu bamuone. Muzee Jumaine akarudi mu nyumba, akatoa shuka ya kitanda, ile Darius alikuwa amelalia, akamufunika. Mumoja akamupiga kofi mbele ya binti yake. Muzee akaokota kofia yake, akapanguza vumbi, akanyoosha shuka pahali ilikuwa imekunjika ku miguu ya maiti. Kofi ya pili. Akaingia ndani, akaniambia, «Séance ya Darius haikuisha. Mulaze.»

Sasa anatembea na fimbo. Zimebaki séance mbili, muzee anasema sasa itakuwa moja tu kila siku kumi na ine. Anasema mwisho ya mwezi wa sita atapanda Kibumba kukuwekea mulango.

Mutoto yako,
Ushindi

Darius anasema niandike kama yeye njo alinitoa chini ya kitanda. Ni kweli.

---

Kibumba, 9 mwezi wa sita 2025

Wana yangu Darius na Ushindi,

Kama hii barua inafika mukiwa bazima nitashukuru mbele hata ya kujua. Miye niko vile vile, meno inaniuma, kitu ingine hapana.

Ile nafasi ya miguu mbili nimeisoma mupaka karatasi imetoboka. Nilisomea bamama ya kanisa, Mama Fabiola akapiga kigelegele, akaanguka ku banc. Ushindi, ulikuwa chini ya kitanda. Basi. Kama haungekuwa chini ya kitanda, nani angeona ile muguu ikishika simenti na kuniandikia? Nimeacha hasira.

Lakini barua hii ni ya haraka, musome mbele ya kula.

Jana benye bunduki balikusanya bijana yote hapa ku soko. Balibavua mashati. Banatafuta alama. Ku bega banatafuta mustari ya kamba ya bunduki. Ku kifua na mugongo banatafuta chanjo, zile bapiganaji ya pori banachanjwa na banapakwa dawa ili risasi isipite. Mutoto ya Mama Fabiola alikuwa na makovu ya upele tu, ya toka utoto. Balisema ni chanjo. Mama yake alipiga magoti akaonyesha makovu yake mwenyewe, sawasawa, ugonjwa moja. Balimusukuma na kiatu. Mutoto hajarudi. Leo asubuhi batu balisikia risasi nyuma ya kilima, moja, kisha kicheko, kisha moja.

Nilikuwa nalala, nikaamka nimekaa. Ile violet yenu! Mistari mbili, toka ku mbavu! Musafishe. Nawaambia musafishe, na sabuni, na majivu, na mchanga ya mutoni kama inakatala, hata ngozi ikitoka. Huyo muzee akasirike, miye nitashuka Birere kumuomba musamaha na kuku mukononi. Darius asitoke nje mbele doa ya mwisho itoke. Ushindi, weye njo unaona vitu. Angalia mugongo ya yaya yako na ya kwako.

Lucie anashuka kesho asubuhi. Nimemuambia asilale njiani.

Mama yenu

---

Goma, 16 mwezi wa sita 2025, asubuhi

Mama,

Nakusalimia haraka, unisamehe. Lucie amefika sasa hivi, barua yako mu shu. Njia ilikuwa imefungwa siku tano, banapigana kule juu, alilala ku batu asiowajua. Analia anasema alikimbia vile aliweza. Nimeisoma nimesimama ku mulango. Ilichelewa siku mbili.

Benye bunduki balikuja juma mosi, samedi, jua inatoka. Bouclage ya quartier yote, bakafunga mutaa pande zote. Kila mwanaume ku kiwanja ya mupira. Tukakaa chini ku mistari, mikono ku kichwa. Darius alikuwa mustari ya pili, na fimbo yake, miye ya tano. «Vueni mashati.»

Nilikuwa naangalia, sawa kawaida yangu. Niliona banaanza na bega, kisha banageuza mutu, banasoma mugongo sawa karatasi. Nikaelewa mbele yao wote. Nikanyanyua suruali yangu pole pole mupaka ku kitovu, nikakaza kamba. Zangu zikafunikwa. Darius alikuwa hawezi kufunika zake hata angevaa suruali mupaka ku kwapa. Ningemuita. Angejipaka udongo, angelala chali, sijui. Nilifungua kinywa, mama. Niko na ulimi. Haikutoka kitu.

Mbele yake kulikuwa kijana mumoja simujui, iko na chanjo za kweli, za wembe, ku kifua. Komanda yao, mutu mufupi ya sauti ya chini, akamuuliza, «Risasi haipiti?» Kijana akasema, «Ni dawa ya homa, ya utoto.» Komanda akasema, «Tujaribu.» Akajaribu. Pale pale, mu kifua, sisi wote tumekaa. Damu ilifika ku magoti ya mustari ya pili, na bale habakusogea, juu balisema mwenye atasogea ni yeye anafuata.

Bakamufikia Darius.

«Hii nini?»

«Dawa ya mugongo, chef. Sindano. Nilikuwa siwezi kutembea.»

«Sindano inaacha rangi?»

«Rangi ni ya muganga, anajua pa kuchoma. Anatia na courant.»

Bakacheka wote. «Courant! Weye ni ampoule ya taa?»

«Hapana, chef.»

«Waka!» Mumoja akamupiga na kitako ya bunduki ku kiuno, juu ya madoa. «Waka tuone!» Tena. «Waka!» Darius akaanguka na uso. Fimbo yake bakaivunja ku mugongo yake. Kila wakati banasema waka, na bengine banapiga makofi. Nilisikia sauti yake inaisha, sawa ile siku ya mbele ya Pasika.

Komanda akainua mukono, bakaacha. Akatuuliza sisi, «Nani mwingine hapa iko na hizi?»

Darius akanyanyua kichwa. Akageuka. Akanitafuta mupaka akanipata, miye na suruali yangu ku kitovu. Niliona macho yake inashuka ku ile kamba. Akasema, «Hakuna. Ni miye peke yangu.»

Balimufunga mu container ile iko ku pembe ya kiwanja, yeye na bengine batatu. Komanda akasema juma tatu, ni kusema leo, saa ine, mbele ya quartier yote, atajaribu dawa ya violet.

Jana muzee Jumaine alienda. Peke yake, na kisanduku yake imefungwa na scotch ya kunata. Akabaeleza. Akajichoma mukono yake mwenyewe, akaweka pince, akabaonyesha vidole vinacheza. Komanda aliangalia yote mupaka mwisho, sawa mutu anaangalia mupira. Kisha akamuambia, «Muzee, kila mulozi iko na kisanduku. Niletee mutu mwenye iko na alama sawa na hizi, mutu ya quartier, mwenye majirani banamujua, alale hapa umuchome ku hizo alama. Nikiona muguu inacheza, nitajua ni dawa ya mugongo. Usipomuleta, najaribu na yangu.» Na mwingine akamutoa meno mbili na kitako, juu ya kumupotezea komanda wakati.

Muzee hakusema kama miye niko nazo. Alirudi, akaenda ku bagonjwa bake wote. Wote bameshaoga. Samedi ile ile, habari ilivyotoka, kila mutu alienda na sabuni. Mama mumoja alijichuna mupaka damu. Miye tu sikuoga, na si juu ya roho nzuri. Nilikuwa nimelala chini ya kitanda ku nyumba yetu siku mbili, sikula, sikuoga, sikufungulia mutu.

Asubuhi hii Alima amegonga. Sikufungua. Akaongea ku tundu ya kufuli. «Ushindi, baba alinikataza kukuambia. Nakuambia.» Akanieleza yote hii. Kisha akasema, «Weye njo umebaki nazo. Sikuombi kitu. Nimekaa hapa tu, ku jiwe.» Alikuwa angali amekaa pale wakati Lucie amefika na barua yako. Huyo nikamufungulia, nikafunga tena.

Mama, umeandika nisafishe. Maji iko mu basini, sabuni iko, majivu iko, Lucie mwenyewe amechota. Ni kitu ya dakika kumi. Nimeiangalia.

Nimefungua mulango. Nimemuambia Alima apake upya zile zenye zimeanza kufutika. Amepaka, moja imetoka kubwa sawa jicho. Sijui komanda atasemaje. Anaweza kuona muguu inacheza na kumutoa Darius. Anaweza kusema sasa amepata babili. Muzee amemufuata Alima hapa, anasema hajui na hataki kunidanganya. Iko nje na kisanduku, mudomo imevimba, anajaribu batri na ulimi yake.

Naogopa sana. Nakuambia ili usifikiri nimekuwa mutu mwingine. Nimejaribu maneno yenye nitasema kule, mbele ya Alima, hapa ku mulango: «Chef, naitwa Ushindi, ni mudogo ya Darius, tumechomwa pamoja.» Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili alisema hasikie. Ya tatu akasema, sawa, amesikia.

Lucie anangoja hii karatasi, anarudia na njia ya leo kama ingali wazi. Ni saa tatu na nusu imepita. Mutu mumoja amekuja kusema bameshaanza kukusanya batu ku kiwanja. Lazima niende sasa mama, juu banafungua container saa ine, na Darius bamemuweka wa kwanza.

Mutoto yako,
Ushindi